Agabaki Mlangoni pa Kamusi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari, salamu sana. Baada ya salamu, mimi ni mzima, sijui wewe. Baba yao mzima, isipokuwa goti. Amekaa na redio aliyoifungua mgongo, hajui ataifunga lini. Kitinda, mwanangu wa mwisho, mzima, ndiye aliyekuleta. Wifi yangu, dada yake baba yao, mzima, yuko mlangoni, anaondoka tangu mchana. Paka mzima. Pasi kubwa nzima. Ile ndogo waya unacheza. Wote wanakusalimu.

Sijawahi kuandika shajara. Nilichowahi kuandika ni barua, na barua ina adabu zake. Sioni kwa nini nikuvamie bila salamu eti kwa sababu huna bahasha. Kitinda kasema: mama, wasiwasi wako uwe unauandika, usiniletee wote mimi nikiwa napiga mswaki.

Haya, huu hapa. Kitinda yuko ofisi ya kamusi, kwa majaribio. Ijumaa wazee wa kamusi wanakaa kikao. Anayejaribiwa lazima alete neno moja jipya na alitetee mbele yao. Likipita, anaajiriwa. Likianguka, anaondoka, na mjomba wake ameshamwekea kazi kwenye ghala lake, mji wa mbali kabisa, kusimamia magunia ya saruji. Saruji! Na kifua kile cha mtoto. Akiwa mdogo alikohoa hata kwa vumbi la chaki.

Neno alilochagua ni langu. Agabaki. Nililitunga mwenyewe, kwa ajili ya wifi. Ni kule kuaga halafu kubaki. Mtu anasimama, anasema haya jamani kwaherini, anashika fremu ya mlango, na hapo ndipo habari zenyewe zinapoanza. Nani kaoa, nani kaachwa, nani asingeoa kama angemsikiliza yeye. Nyumbani kwetu tunalitumia neno hili kama chumvi. Baba yao akitaka kulala huuliza, agabaki imefika wapi? Wifi peke yake ndiye hajui. Anadhani ni dawa ya goti.

Nikamwambia Kitinda basi neno limeshapita. Akasema bado. Neno la nyumba moja halihesabiwi. Kuna mkusanyaji wa ofisi, huzunguka mitaani na kadi zake akisikiliza watu. Ni lazima yeye alisikie, kwa watu wa nje, wanalisema wenyewe bila kuambiwa na mtu. Alhamisi anapita mtaa wetu.

Nimeyaandika yote kama alivyoyasema, maana aliyarudia. La muhimu ni watu wa nje. Watu wa nje ninao. Nguo zao ndizo zinazonilisha.

Wifi bado yupo mlangoni. Ameomba kiti.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Mpango mzuri, haukunipa hata nafasi ya kunywa chai.

Nimeanza kwa muuza nyama. Nimemwambia kuna neno jipya, agabaki, alitumie Alhamisi akimwona mtu mgeni mwenye kadi. Akasema Mama Pasi, usinianzishie pasipasi yako, sijafungua hata mlango. Sikumwelewa. Pasi nimeiacha nyumbani. Lakini nimefurahi kwamba kazi yangu inakaa kichwani mwa watu.

Akauliza maana yake. Hapo nikasita. Wifi hununua nyama palepale, na mdomo wa muuza nyama hauna kifuniko. Nikimwambia maana, kesho wifi anajua ni yeye. Basi nikamwambia maana itakuja yenyewe, alitumie tu panapofaa. Akasema sawa. Ameninyima mfupa wa paka.

Kisha nimekwenda kwa fundi baiskeli. Alikuwa chali chini ya baiskeli ya mtu, nikazungumza na miguu yake. Miguu ikanijibu kwamba ina kazi. Nikamweleza habari ya mtoto, saruji, kifua. Akatoka chini, akajifuta mikono, akasema mama, pasipasi hii itakuua, lakini kwa ajili ya mtoto nitalisema. Maana hakuuliza. Mtu mwungwana.

Halafu mwalimu wa chekechea, ninayemfulia na kumpigia pasi magauni yake. Huyu akaandika neno kiganjani kwa kalamu. Akaahidi kulisema kwa sauti ya kusikika. Nikamwomba asiliseme mbele ya wifi.

Nimerudi na watatu mkononi. Baba yao akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikwenda kununua wanga wa kupigia pasi. Akauliza wanga uko wapi.

Ikabidi nitoke tena.

Jumatano, 6 Machi

Watatu hawatoshi. Nimewaza hivyo nikiwa kwenye kola ya shati la mtu, nusura niiunguze. Mkusanyaji akimkosa muuza nyama? Fundi akiwa chini ya baiskeli asisikike? Mchuma janga hula na wa kwao, lakini mchuma neno anahitaji mtaa mzima.

Ndipo nikatazama nguo zilizotundikwa. Mashati, makoti, kila moja lina mfuko. Na kila mfuko uko wazi kama mdomo wa ndege kinda anayesubiri kulishwa.

Nimechana karatasi za kalenda ya zamani. Nimeandika kwa mkono wangu, herufi kubwa: TAFADHALI LITUMIE NENO AGABAKI MBELE ZA WATU KABLA YA IJUMAA. USISEME UMEAMBIWA. Nimetia kila mfuko. Baba yao akapita na bisibisi yake, akasoma moja, akasema mimi nilipewa mikono miwili na mambo ya watu kumi. Nikamwambia asaidie au apite. Akapita.

Mchana akaja Mzee wa Wino. Jina lake silijui. Namwita hivyo kwa sababu mashati yake yote meupe, na yote yana doa la wino mfukoni. Mimi ndiye ninayelitoa, kwa ndimu na chumvi na subira. Mtu mkimya, mpole, viatu vimechoka. Nadhani anauza kalamu, maskini, na haziuziki. Alitaka shati zuri kuliko yote kwa ajili ya Ijumaa, ana shughuli kubwa. Nikamwombea heri. Nikalitia wanga wa kutosha, kola ikasimama kama askari. Mfukoni nikamwekea karatasi mbili badala ya moja, maana muuza kalamu hukutana na watu wengi.

Jioni Kitinda kafika amechoka. Ameniuliza kwa nini muuza nyama alimpa pole. Nikamwambia labda ni desturi yake. Akanitazama kwa jicho lile la marehemu mama yangu. Akaniomba, mama, tafadhali, neno hili liache litembee lenyewe. Nikamwambia mimi kazi yangu ni nguo.

Sikusema uongo. Karatasi ziko ndani ya nguo.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianze wapi.

Mkusanyaji kaja. Mwembamba, kofia pana, kadi kifuani zimefungwa kwa mpira. Nimemwita Bwana Kofia. Nilikuwa dirishani tangu mapema, nikijifanya napiga pasi pazia, bado limetundikwa. Alipoelekea kwa muuza nyama nikashindwa. Nikachukua kikapu, nikafuata. Mtu anaweza kwenda kununua nyama, hakuna sheria.

Muuza nyama akaniona, akakumbuka. Akamwambia mteja kwa sauti kubwa: leo umechelewa mama, nyama nzuri imekwisha, imebaki agabaki tu. Akamwonyesha makombo na mafuta.

Bwana Kofia akaandika.

Nikajipa moyo, bado yuko fundi. Fundi naye akainua gurudumu, akalizungusha, likawa linayumba, akamwambia mwenye baiskeli: unaona? Hii ndiyo inaitwa agabaki. Ikikuanza haiponi, ni kununua jipya.

Bwana Kofia akaandika.

Mara akapita mwalimu wa chekechea na watoto wake kwenye mstari. Akatazama kiganja. Akapaza sauti, agabaki nyote! Watoto wakaitikia, agabaki, mwalimu!

Hapo, daftari, uvumilivu ulinitoka. Nikasema sivyo. Nikasema jamani, hamtumii hivyo, si mafuta wala gurudumu wala salamu. Agabaki ni mtu kuaga asiondoke! Ni kushika mlango, kama wifi yangu, ambaye akisema kwaheri mtu unaweza kupika, ukala, ukaosha vyombo, naye bado anasema kwaheri! Nikawaonyesha na namna anavyosimama, mkono kwenye fremu, kiuno upande. Nilimwigiza vizuri. Watu walicheka. Watoto walicheka.

Wifi hakucheka. Alikuwa nyuma yangu na mwavuli wake, amekuja kununua maini.

Muuza nyama, badala ya kunisitiri, akamgeukia Bwana Kofia akamwambia, bwana, mzoee, ndiyo pasipasi yake huyu mama. Bwana Kofia akauliza nini? Fundi akadakia, pasipasi, huijui? Mwalimu naye akatia lake. Sikusikiliza. Nilikuwa namtazama wifi. Bwana Kofia akaandika sana, kadi zikamwishia, akageuza upande wa pili. Angalau ameandika.

Saa kumi wifi alikuja nyumbani. Alisalimia. Alimuuliza kaka yake hali ya goti. Alichukua bakuli lake. Akasema kwaheri.

Akaondoka.

Nilibaki nimesimama nikisubiri. Nikatoka nje nikamwona yuko mbali, anatembea haraka. Baba yao alinyanyua kichwa kwenye redio, akauliza, ameenda kweli? Tukautazama mlango sote wawili kama watu walioibiwa.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi. Kitinda ameondoka na gauni lake la kijani. Nimelinyoosha mara mbili. Halina mfuko. Ningemwekea dua.

Mchana. Nimeunguza suruali ya mtu. Alama ya pasi imekaa makalioni, nzuri, kamili, kama mhuri. Sijui nitamwambia nini mwenyewe. Nawaza saruji. Nimetafuta skafu nzito ya kumfungia safari.

Jioni. Amerudi.

Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kiti cha wifi, akaniambia mama, kaa. Nikakaa juu ya kapu la nguo.

Akaniuliza namjua mkuu wa kamusi. Nikasema nitamjulia wapi. Akasema mtu mkimya, shati jeupe, kola inasimama yenyewe. Nikasema ya Rabi.

Basi Mzee wa Wino hauzi kalamu.

Ilikuwa hivi. Kitinda alisimama akatetea agabaki vizuri, wazee wakaanza kutikisa vichwa. Mkuu akaona joto, akatoa leso mfukoni ajifute. Karatasi zikaanguka mezani, zote mbili. Akazisoma kwa sauti. Usiseme umeambiwa. Mkuu akauliza, nani anajua habari ya karatasi hizi?

Kitinda angeweza kunyamaza. Hakuna mle aliyejua maandishi yangu. Lakini akasema ni mama yangu. Hakutumwa, ila ni mama yangu, na hofu yake ni kwamba nitaondoka nyumbani.

Niliposikia hivyo nikaanza kulia, nikafuta machozi kwa nguo ya mteja. Akasema mama, subiri, hujafika kwenyewe.

Bwana Kofia akaweka kadi zake mezani. Agabaki: kwa muuza nyama, makombo. Kwa fundi, ugonjwa wa gurudumu. Kwa watoto, salamu. Na mama mmoja alipinga wote kwa kelele. Wazee wakasema neno lisilokubaliana na lenyewe haliingii. Limekataliwa. Likirudi baada ya miaka, likiwa limekua, watalitazama.

Nikasema basi saruji.

Akasema subiri, mama. Bwana Kofia akatoa kadi nyingine. Akasema amekwenda mtaani kutafuta neno moja, amerudi na jingine. Amelisikia kwa muuza nyama, kwa fundi, kwa mwalimu, na kabla ya hapo amelisikia sokoni, na kituo cha mabasi, kwa watu ambao mtaa wetu hawaujui. Wote maana moja. Hakuna aliyewekewa karatasi. Pasipasi. Mkuu mwenyewe akakohoa akasema mke wake humwambia kila siku, acha pasipasi.

Wakauliza nani anaweza kulieleza kwa ufasaha. Kitinda akanyoosha mkono. Akasema yeye amelelewa ndani yake.

Aliandika maana palepale. Wakaisoma, hawakubadili hata nukta. Mkuu akasema msichana anayesema kweli wakati uongo ungemfaa, na anayejua kueleza kitu anachokipenda bila kukipamba, huyo asiende popote. Ameajiriwa.

Nimemkumbatia mpaka akasema mbavu. Baba yao ametoka, amempa mkono kama mtu mkubwa, halafu amerudi kwenye redio na amekaa huko muda bila kushika bisibisi.

Maana yenyewe nimemwomba ainakili humu, kwa mwandiko wake:

*pasipasi: tabia ya kujitwika kazi ya kunyoosha mambo ya mtu ambaye hakuomba, mpaka wakati mwingine yakaungua. Mfano: Kwa pasipasi zake alihangaika kumpatia mwanawe kazi, nusura amkoseshe aliyokuwa nayo.*

Limeandikwa vizuri. Nimemhurumia huyo mtoto wa kwenye mfano. Kuna wazazi, jamani.

Jumapili, 10 Machi

Wifi hakuja jana. Hakuja leo asubuhi. Baba yao, kwa kukosa wa kumkatiza, amemaliza redio. Inaimba. Amesikiliza kidogo, akaona nyumba bado iko kimya, akaifungua tena mgongo.

Nikaona hili halitanyooka lenyewe. Nimevaa kanga ile mpya, nimekwenda kwake.

Alinifungulia, hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikamwambia wifi yangu, nimekukosea, ulimi hauna mfupa. Akasema mfupa hauna, lakini kiuno ulikuwa nacho, mbona ulikipinda vile mbele ya watoto? Nikasema niliiga tu. Akasema uliiga vibaya, mimi hushika fremu kwa mkono wa kushoto. Akanionyesha. Tukatazamana. Aliyeanza kucheka ni yeye, nakuapia.

Nikampa habari za Kitinda. Akashangilia, akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza. Nikamsomea maana ya pasipasi, kwa kuwa wewe, daftari, nilikuwa nimekubeba. Akacheka tena, safari hii akakaa chini. Akasema wifi, unajua nani alilitunga? Nikasema watu. Akasema watu nani, ni mimi. Ile siku ulipokwenda kwa wakwe wa bintiye muuza nyama kupatanisha ugomvi ambao hawajagombana. Nikamwambia muuza nyama, hiyo ni pasipasi. Naye mdomo wake hauna kifuniko.

Akasema tuko sawa. Wewe ulinitungia la kwako, nami nikakutungia la kwangu. Tofauti ni kwamba la kwangu halikusukumwa na mtu, na limeingia kamusi.

Nimemwambia haiwezekani neno lile likawa mimi. Mimi hunyoosha za walioomba tu. Akaniuliza suruali ya mhuri wa makalio iliomba? Hayo aliyapata wapi sijui. Nadhani Kitinda.

Tumerudi nyumbani pamoja. Amekula, amemkemea kaka yake kwa ajili ya redio, ameaga. Ameshika fremu, mkono wa kushoto kweli. Sasa anaeleza kwa nini jirani yake hakupaswa kuoa. Wazee wa kamusi wamelikataa neno langu, lakini lenyewe limesimama mlangoni kwangu na halina haraka. Nimemletea kiti kabla hajaomba.

Mimi nimekaa hapa mezani, nawaza. Kitinda kaniambia meza aliyopewa ofisini iko karibu na dirisha, na dirisha linaingiza upepo. Kaniambia tu, hakuniomba kitu. Lakini kifua kile. Shati jingine la Mzee wa Wino liko tayari, atalifuata kesho. Kola imesimama. Mfuko uko wazi.

Nimeandika hivi, kwa herufi kubwa ili asipate shida:

KWA MKUU WA KAMUSI. SALAMU SANA. SISI HUKU WAZIMA, MIMI, BABA YAO, WIFI NA PAKA. NATUMAI NA MAMA WA NYUMBANI KWAKO MZIMA. ASANTE KWA KAZI YA MTOTO. OMBI DOGO: MHAMISHE MBALI NA DIRISHA, ANAKOHOA. NA MCHANA AMBIWE ALE. USIMWAMBIE NIMEKUANDIKIA. DOA LA WINO LIMETOKA. NIJIBU UPESI, WEKA JIBU KATIKA MFUKO HUUHUU.